Kilima cha Unga Mezani pa Wajumbe

Mimi Lusia ndiye niliyeiandika barua ile, kwa hiyo lawama zikimtafuta mtu, zinajua nyumbani kwangu.

Mwaka ule wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuja Lindi kusikiliza shida za watu chini ya Mwingereza. Wanawake wa Kiranjeranje tulikuwa na shida moja. Kaka yangu Klementi alifia Burma katika vita visivyo vyetu, na sasa mdogo wake, Evaristo, alikuwa amejiandikisha Keya, jeshi la Mwingereza, anangoja meli. Mama yangu, Brigita, na jirani yetu Biasha walipita nyumba kwa nyumba, za Waislamu na za Wakristo, wakakusanya alama za dole gumba mia mbili na tatu. Tuliomba jambo moja tu: watoto wetu wasipelekwe tena kufia ugenini.

Siku yenyewe naikumbuka kama niliiota. Chumba cheupe, mapazia yanapanda na kushuka, Kiingereza kinapita polepole juu ya vichwa vyetu. Mama akaweka barua mezani. Kabla sijamshika mkono, akafungua pindo la kanga, akamimina unga wa mtama juu ya barua, akaufanya kilima kidogo, kama tunavyofanya chini ya mti wa msolo tukiomba. Kilima kikilala salama hadi asubuhi, mizimu imekubali. Padri asingefurahi, lakini Padri hakualikwa.

Karani akanyanyua kitambaa afute.

"Usiguse, baba," Biasha akamwambia. "Hilo ndilo ombi lenyewe."

Upepo ukaingia dirishani. Mjumbe mmoja, mama wa Kizungu mwenye mvi, akavua kofia yake akakikinga kile kilima. Hakujua anakinga nini. Nilimpenda papo hapo, na bado nampenda, ingawa nina hasira naye.

Mkutano ulipokwisha karani aliinua barua, unga ukamwagika sakafuni.

Jibu lilikuja baada ya miezi kumi na mmoja, lina muhuri mzuri. Evaristo alikuwa keshapanda meli. Nikawasomea: ombi lenu limepokelewa na kuzingatiwa.

"Kuzingatiwa ndiyo nini, mwanangu?" Mama akauliza. "Wanamrudisha?"

Nilisoma kwa masista miaka sita. Nikalisoma tena neno lilelile, nikaona aibu.

Mama akaichukua barua hadi kwenye msolo, akamimina unga juu yake. Asubuhi tulikuta kilima kimesimama vilevile. Wanawake wakapiga vigelegele: wakubwa wa dunia wamekubali, na mizimu imekubali! Nami nikapiga, kuwashinda wote.

Evaristo hakurudi.