Mkono Uliozoea Sura Moja

Wapelelezi hawapendi kuambiwa, lakini mimi nitasema: mashahidi wengi hawakumbuki sura. Wanakumbuka hofu, kisha wanaitafutia pua. Mimi ni mchoraji wa polisi; kazi yangu ni kukaa nao pale kituoni, penseli mkononi, niwatoe hiyo pua taratibu.

Siku hiyo niliketishwa pamoja na fundi cherehani aliyemwona mtu akimchoma kisu mlinzi wa duka la dawa. Mlinzi alikuwa amekata roho asubuhi ile. Fundi wa watu alikuwa anatetemeka hadi kiti kinalia.

"Alikuwa kijana wa kawaida tu, dada," akasema.

"Haya, tuanze na kichwa. Kirefu au cha mviringo?"

"Kirefu... kidogo."

Kirefu kidogo! Ndivyo walivyo wote. Ukimbana analia, ukimwachia anakuelezea shangazi yake. Nikachora yai, nikaligawa kwa mistari miepesi ya macho, pua na mdomo. Kila alipokwama niliendelea mwenyewe, maana karatasi tupu huwafunga mashahidi midomo.

Na hapo ndipo penye hatari ya kazi yetu. Shahidi akinyamaza, mkono hauna subira, unajaza pengo kwa sura uliyoizoea. Mkono wangu una sura moja. Nilijifunzia kuchora kwa mwanangu, toka mchanga mpaka alipoota ndevu, maana ndiye pekee aliyekubali kutulia bila kunidai soda.

Nilikuwa natia kivuli chini ya mdomo nilipoisogeza picha niitazame kwa mbali. Mungu wangu! Kidevu cha mwanangu. Nyusi zake, ile ya kushoto imepanda kidogo kama anayetaka kukubishia.

Nikanyakua kifutio, nikazifuta nyusi, nikazishusha.

"Hapana!" Fundi akanidaka mkono. "Rudisha ulivyokuwa umeweka. Ndiye huyo, dada. Ndiye kabisa!" Akaangua kilio.

Ameshaiona karatasi, basi tena. Sasa hata ukimletea muuaji mwenyewe atamkana. Nikamsihi tuanze upya, lakini Inspekta wa kesi hiyo alikuwa keshaingia, akaiinua picha kwa ncha za vidole.

"Safi sana, mama. Nakala zisambazwe mtaani leo hii."

Akilini nikaiona ile picha ukutani kwa kinyozi, stendi, kwenye kila mlango wa duka. Nikawaona watu wa mtaani kwetu, walivyo na hasira ya mlinzi wao, wakimkuta mwanangu anatoka kununua mkate. Hawatamuuliza kitu. Nikapiga moyo konde.

"Afande, usiitoe. Nimekosea. Hiyo ni sura ya mwanangu. Shahidi alinyamaza, mkono ukajichorea wenyewe. Hutokea, muulize mchoraji yeyote."

Nilitegemea anicheke. Hata angenifokea ningeshukuru. Akamtoa fundi nje kwa upole, akasukuma mlango kwa kisigino, akavuta kiti na kukaa karibu yangu mno.

"Fundi anamfahamu mwanao?"

"Wapi! Hajawahi kumwona."

"Lakini amesema ndiye."

"Ameona picha, afande! Ningekuchora wewe angesema ndiye!"

"Ulipofuta nyusi alikataa, akataka zirudi. Nilikuwa dirishani, mama. Anaishi wapi huyo kijana?"

Jamani! Nilidhani namwokoa mtoto, kumbe nimewachorea njia ya nyumbani.

"Kwangu," nikasema.

"Na juzi jioni, mlinzi alipochomwa, alikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo nimtetee. Juzi mwanangu alirudi nimeshakula, akapitiliza bafuni bila salamu, akafua shati lake kwa mikono yake. Hajawahi kufua hata soksi. Nilimtania kwamba sasa amekua, atafute mke. Hakucheka.

Inspekta alikuwa ananisubiri.

"Alikuwa nyumbani na mimi," nikasema. Ulikuwa uongo, na nilikuwa namwogopa mwanangu.