Mkahawa wa Kumi na Moja

Ahadi aliitoa Bhargavi mwenyewe, kwa hasira, mbele ya sahani ya kuku aliyeogeleshwa kwenye malai. "Nitafutie mkahawa mmoja hapa Brno ambao nitamaliza chakula chao, nami sitaitaja tena kwetu Guntur wala mama. Saini huo mkataba wako tukae."

Mumewe, Phanindra, ni mtu wa kompyuta, na mtu wa kompyuta ukimpa kazi yenye masharti umempa sikukuu. Akaandika orodha ya mikahawa yote ya Kihindi katika mji huo wa Ucheki. Mkataba wa kazi ulikuwa wa miaka mitano, ukitakiwa ofisini Jumatatu.

Wakazunguka. Kote waliulizwa wanataka pilipili ya Kizungu au ya Kihindi, na hiyo ya Kihindi nayo ikaja tamu kama uji wa mgonjwa. Bhargavi alikuwa akionja matonge mawili, anasukuma sahani, anatazama dirishani. Nyumbani hakukalika. Alihamisha makochi, akayarudisha yalipokuwa. Alishuka ngazi bila safari, akapanda tena.

"Si upike mwenyewe?" Phanindra aliwahi kumwuliza.

"Nipike, nile, nioshe vyombo, halafu niseme nimekaribishwa na nani?"

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku mbili, wakafika mkahawa wa kumi na moja, nyuma ya gereji ya matairi. Ulikuwa na meza sita tu. Mwanamke wa makamo, mwenye kilemba cha jikoni, aliwatazama akawauliza kwa Kitelugu, lugha ya kwao, "Watu wa wapi?"

"Guntur."

"Basi kaeni."

Habari ya pilipili hakuiuliza. Alileta wali, dengu, samli, na majani machachu ya gongura yaliyotwangwa na pilipili nyekundu. Bhargavi alikunja mkono wa sweta, akachanganya kwa vidole, akatia tonge kinywani. Akatia la pili, na la tatu. Phanindra hakuthubutu hata kukohoa.

Yule mwanamke akaja kuongeza wali bila kuombwa.

"Shangazi, majani haya unayapata wapi?" Bhargavi akauliza.

"Ananitumia mdogo wangu, ameyakausha. Zamani alikuwa akinitumia mama."

"Mama amechoka siku hizi?"

"Alifariki. Mwaka wa tisa huu. Siku hiyo nilikuwa napikia harusi ya watu hapa mjini, sahani mia mbili. Sikuwahi kwenda kumzika." Alisema hivyo huku akimwongeza samli. "Kula, mwanangu. Mimi nilikuja kwa miaka miwili tu. Mume wangu alikuwa na mkataba."

"Na sasa una mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

Akarudi jikoni. Bhargavi alikula mpaka punje ya mwisho, akafuta sahani kwa kidole. Phanindra akashusha pumzi, akacheka kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umemaliza. Na uliahidi mwenyewe, mimi sikukulazimisha."

"Niliahidi," Bhargavi akasema. Machozi yalimtoka, wala hakusingizia pilipili. "Nilidhani nina njaa tu. Kusaini, saini ukitaka, sikukatazi. Lakini mimi nikatie tiketi ya wiki hii. Mama yangu bado yu hai."