Siku Bi King'ora Alipoukalia Mpira

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa tai. Aliivaa kazini, akaivaa sokoni, na mdogo wake, msusi mwenye saluni yake pembeni ya soko, aliapa kwamba hulala nayo. Kwa hiyo mama yao alipofariki na familia ikapanga siku ya kumkumbuka, hakuna aliyeuliza nani atasoma hotuba. Kifungua mimba alikuwa yeye, na mdomo wa hotuba alikuwa nao.

Alijifungia chumbani mchana kutwa. Alipotoka, alimkalisha dada yake kitini akamsomea.

"Marehemu mama yetu alikuwa mpole na mnyenyekevu. Alipenda utulivu. Katika maisha yake yote hakuwahi kuinua sauti."

Msusi alimpigia makofi mawili.

"Kaka, hongera. Maneno mazuri. Sasa huyu mama ni wa nani?"

"Ni mama yetu."

"Wetu? Bi King'ora?"

"Usimwite hivyo. Mtu akishatangulia husemwa kwa heshima."

"Haya, msome huyo mpole wako. Lakini mimi nitakaa karibu na mlango."

Jina la Bi King'ora alipewa na mtaa mzima, na hakuna aliyelipinga, hata mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani. Alilea watoto wake wawili peke yake kwa kushona nguo za watu, na walipokua akawageukia wajukuu kwa nguvu mpya, kama mtu aliyekuwa anapasha misuli tu muda wote huo. Akisimama barazani kumwita mjukuu mmoja, walikuja wajukuu wote, wake na wa wenzake. Mteja akifuata suruali yake, barabara nzima ilipata taarifa: "Kiuno nimekipanua mpaka kitambaa kimeniomba radhi! Sasa na wewe jitahidi kidogo!" Na mteja alirudi, maana hakuna aliyeshona kama yeye, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni kwako ukiugua kama yeye.

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Feni ilizunguka juu kwa uvivu, kama inayolazimishwa. Mwalimu Mkuu alisogea mbele na karatasi yake, nyuma yake walimu wa shule yake wamekaa safu moja, wima kama wako kwenye ukaguzi.

"Mama yetu alikuwa mpole," alianza.

Muuza nyama akakohoa.

"Alikuwa mnyenyekevu."

Muuza nyama akakohoa tena, na safari hii jirani yake naye akashikwa na kikohozi.

"Alipenda utulivu. Hakuwahi kuinua sauti."

Kikohozi kikawa ugonjwa wa mlipuko. Mabega yalitikisika safu kwa safu. Mama mmoja alijifunika uso kwa mtandio, na haikuwa kwa kulia. Kisha huko nyuma mtu akashindwa kabisa, kicheko kikamtoka kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka. Alisimama, mwanamume mrefu mwenye upara, jasho linamtiririka kwa aibu.

"Samahani, Mwalimu Mkuu. Samahanini wafiwa. Nimejizuia, nimeshindwa. Mimi ndiye refa."

"Refa gani?"

"Yule wa mpira alioukalia mama."

Mwalimu Mkuu hakuwa na habari hiyo. Alimgeukia binti yake, golikipa wa timu ya wasichana, aliyekuwa amekaa safu ya mbele. Binti aliangalia viatu vyake.

"Wewe unalijua jambo hili?"

"Bibi alisema nikikuambia utakunja sura, baba."

"Sikunji sura!" alisema Mwalimu Mkuu, sura imekunjamana kama shati la jana.

"Eleza, refa!" muuza nyama alipaza sauti.

Refa akaeleza. Ilikuwa mechi ya fainali. Bi King'ora alikuwa hajui mpira hata chembe, ila alijua aliyesimama golini ni damu yake. Kila mpira ukija alipiga kelele, "Uache upite, mama, usijiumize!" Halafu mshambuliaji mmoja mwenye miguu kama nguzo alimparamia binti, binti akaenda chini, na refa hakupuliza filimbi.

"Kufumba na kufumbua, mama yuko uwanjani. Viatu mkononi. Nikadhani anakuja kwangu, nikaanza kurudi nyuma. Kumbe ameufuata mpira. Akauweka katikati ya uwanja, akaukalia. Nikamwambia, 'Mama, shikamoo, tunaomba uinuke.' Akaniambia, 'Marahaba, mwanangu. Nitainuka ukimwomba radhi mjukuu wangu.' Nikamwambia refa haombi radhi. Akaniambia, 'Vizuri. Mimi sina haraka, cherehani nimeifunga.'"

"Ukafanyaje?" mtu aliuliza.

"Ningefanyaje? Niliomba radhi. Yule mshambuliaji akaomba. Kocha wao, ambaye hakuna aliyemwambia, naye akaomba. Mama akainuka, akajikung'uta, akanivuta shati na kuniambia kola yangu imefumuka, nipite dukani kwake kesho. Nilipita. Akaishona, akakataa malipo, akanikaripia kwa kukonda."

Ukumbi ulikufa kwa kicheko. Walimu wakasahau ukaguzi. Mwalimu Mkuu aliitazama karatasi yake, na yule mama mpole aliyemwandika akaonekana mtu baki kabisa, mgeni aliyekosea mlango. Akaikunja, akapiga moyo konde.

"Basi na mimi nina la kwangu," alisema.

Akasimulia jinsi alivyofeli mtihani wa kwanza chuo cha ualimu, akafunga virago ili arudi nyumbani. Alipofika langoni alimkuta mama yake, ambaye habari zilishamfikia, ameketi nje, cherehani mbele yake, anashona.

"Nikamuuliza, mama, umefuata nini? Akasema, 'Nimehamia. Rudi ndani ukasome. Ukifeli tena, nitajiandikisha nikae dawati moja na wewe.' Na alibaki pale mpaka muhula ukaisha. Darasa letu lilitazamana na lango. Nikigeuza shingo tu, nasikia, 'Unatafuta nini nje? Jibu liko ubaoni!' Mhadhiri mwenyewe alikuwa anashtuka, anageukia ubao. Sikufaulu kwa akili, ndugu zangu. Nilifaulu kwa woga."

Walimu wake walipiga makofi hadi viti vikayumba. Mwalimu Mkuu alicheka, kisha akasimama pale machozi yanamtoka bila kuyafuta. Msusi aliondoka mlangoni, akaja kumshika kiwiko.

"Huyo sasa," alimnong'oneza, "ndiye mama yetu."

Watu hawakutaka kuondoka. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, na aliyekuwa hana alicheka ya mwenzake. Jua lilikuwa limeshaelemea magharibi walipoanza kupanga viti.

"Baba," binti alisema akiweka kiti juu ya kingine, "pale langoni bibi alikuwa anashona nini muhula mzima?"

"Zipu," alisema Mwalimu Mkuu. "Suruali za wanachuo ziliharibika sana. Nakwambia, mwanangu, nusu ya walimu unaowaona leo walihitimu kwa heshima kwa sababu ya zipu za bibi yako."