Anayesoma ni Enid

Kwa mwaka mzima Enid ndiye aliyesoma fumbo la maneno gazetini na Clifford, mumewe, akajibu. Jirani zao hapo Halifax waliona ni mahaba ya uzeeni. Mahaba yalikuwepo, lakini ukweli ni kwamba Clifford hakuziona tena herufi. Kila alichokitazama kilikuwa na doa la kijivu katikati, na asiposomewa angeumbuka.

Hakuna aliyejua ila mkewe. Dereva wa basi miaka thelathini na minane, amwambie nani kwamba macho yamekwisha? Enid akamfichia siri, na sasa alijichukia kwa hilo, maana Ijumaa gari lilirudi na kioo cha pembeni kinaning'inia. Clifford alisema kuna mpuuzi kamgonga. Enid alipokikagua alikuta rangi ya kijani ya geti lao wenyewe.

Leo Jumatatu binti yao Gillian alikuwa anaanza kazi mpya, na babu ndiye angempeleka mjukuu, Tess, shuleni kwa gari, leo na kila siku. Tangu Ijumaa Enid alikuwa akimsihi mumewe aseme mwenyewe. Jibu lilikuwa lile lile: njia ya shule anaijua hata akifumba macho.

Mtoto alikuwa mlangoni anavaa viatu. Clifford, kwa kuringa mbele ya binti yake, akataka wajibu mawili matatu kabla ya kutoka. Mtunzi wa leo alikuwa ameyashikia bango macho.

"Mapazia mawili yasiyofuliwa, herufi nne," Enid alisoma.

"Kope."

"Kina macho mengi na hakioni, herufi tano."

"Kiazi. Huyu mtunzi anatuona watoto."

Gillian akacheka, akalitoa gazeti mikononi mwa mama yake na kumwekea baba. "Mama naye apumzike. Nisomee hilo la kumi na nne, baba, limenishinda."

Clifford akaliinamia gazeti. Akalisogeza, akaligeuzia dirishani. Kisha mkono wake ukapita chini ya meza, ukagusa goti la Enid mara mbili. Ndiyo ilikuwa ishara yao, baa, kanisani, kwa daktari wa meno: goti likiguswa, Enid husoma kwa sauti kama anayejisomea.

Enid aliuona mstari vizuri kabisa. Goti likaguswa tena, safari hii kwa nguvu, na Enid akamwonea mumewe huruma. Mlangoni Tess alisema yuko tayari.

Enid akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani.

"Baba?" Gillian alisema. "Si usome."

Mkono ukaondoka gotini. Clifford akamgeuzia mkewe uso. Halafu akatoa funguo za gari mfukoni, akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa binti yake, akamwekea kiganjani.

"Mpeleke wewe," alisema. "Mama yako amekataa kusoma."