Upepo wa Kutoka Nchi Kavu

Jua la Julai lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza, na bahari ya Mamzar imelala nyeupe kama maziwa yaliyotiwa tone la buluu. Mchanga ulikuwa bado haujaanza kuchoma nyayo. Sisi tunaokaa mtaa wa Qusais, huku ughaibuni, huja saa hizo, maana jua likipanda hapakaliki.

Mercyline, anayefanya kazi hoteli moja na binti yangu Muna, alikuwa amejilaza juu ya boya la kuchezea, la rangi ya waridi, kubwa kama tairi la lori. Kwao ni Kisii. Kuogelea hajui.

"Shosho, si unaona maji yametulia kama ya beseni!" alinicheka, akiniita bibi kama ilivyo kwao. "Nyinyi watu wa Lamu mnaogopa nini?"

"Naogopa upepo, mwanangu. Unatoka nchi kavu, utakusukuma nje. Rudi."

Upepo wenyewe ulikuwa mwanana, unapepea ushungi wangu tu. Muna alikuwa anamimina chai ya tangawizi. Alipoinua macho, boya lilikuwa limeshavuka kamba ya mpaka wa waogeleaji. Mercyline akapiga maji kwa viganja. Boya likazunguka tu, likazidi kwenda.

"Muna! Muna, nakufa!"

Muna akatupa kikombe, akakimbilia majini. Nikamdaka dera. Vidole vyangu vina baridi yabisi, nikaona litaniponyoka, basi nikakaa kitako juu ya pindo lake, hapo hapo penye maji ya magotini. Uzito nimejaaliwa.

"Mama, niachie!"

"Sikuachii. Dera likilowa litakuvuta chini. Mtakufa wawili."

"Najua kuogelea!"

"Ulijua una miaka kumi, umevaa kaptula ya kaka yako."

Akavuta, mshono wa bega ukaachia. Kulivua hawezi, wanaume wanakimbia mazoezi nyuma yetu. Mmoja nikampigia ukelele, nikamwonyesha mnara wa waokoaji. Akatoka mbio.

Kule nje Mercyline alikuwa ameshusha mguu mmoja majini. Macho yake yote kwa Muna, anataka kumfuata.

"Kumbatia boya!" nikapaza sauti. "Ukishuka umekwisha!"

Hakunisikiliza. Akashusha na wa pili. Hapo Muna akaacha kunivuta, akasimama wima.

"Mercy! Mimi siji! Unasikia? Siji! Panda juu!"

Sijapata kumwona mtu akitazama kama Mercyline alivyomtazama. Kisha akaurudisha mguu, na wa pili, akajikunja juu ya boya, mdogo kama kifurushi.

Raed, mwokoaji, akapita mbele yetu akiwa amepiga magoti juu ya ubao wake, anapiga kasia bila kugeuka. Nilihesabu kila kasia, nikapotea, nikaanza upya. Nilipoona mkono wake umeshika kamba ya boya, ndipo nilipoinuka.

Alipofikishwa ufuoni, Mercyline aliketi mchangani mbali na sisi, meno yakigongana katika joto lile.

"Ulisema huji," akamwambia Muna.

"Nilisema."

Mercyline akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akasogea, akalaza kichwa mapajani mwa Muna.