Bakuli Wangu

Siku wakwe wa kaka walipokuja kujitambulisha, baba alikichomoa kwenye chaji kile kifaa kinachomsemea, akakishika kwa mikono miwili, akagusa maneno taratibu, moja baada ya jingine, na kifaa kikatamka kwa sauti safi kabisa: "Tumempenda sana sufuria wenu."

Wakwe wakatazamana. Mama akakimbilia jikoni akidhani kuna kinachohitajika. Mimi, niliyesaidia kukitengeneza kifaa chenyewe, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba alikuwa mnadi. Enzi zake, mtu aliyekuja mnadani kutazama tu aliondoka na kabati. Koo lake lilipofanyiwa upasuaji, sauti nayo ikaenda, na kazini kwetu tunatengeneza vifaa vya watu kama yeye: unagusa neno kwenye kioo, kifaa kinakusemea. Tangu siku ya sufuria alikirudisha kwenye chaji, asikiguse tena. Akitaka chumvi, ananyoosha kidole. Akichokozwa, ananyamaza, na hilo ndilo lililonitisha. Baba asiyebishana simjui.

"Kwenye benchi la majaribio hakina neno," alisema jirani yangu wa meza kazini, nilipokipeleka kipimwe. "Labda mzee anakosea kugusa."

"Mzee wangu hakosei neno," nilimjibu kwa ukali, naye akarudia kompyuta yake.

Nilipiga simu nyumbani, nikamwomba mama anikumbushe makosa yote aliyowahi kuyasikia.

"Mwiko. Upawa. Chungio. Kinu, mara mbili," alisema mama. "Mimi nilidhani ana njaa."

Yote ya jikoni! Nilisahau hata kumuaga. Ndani ya kifaa, neno ni namba tu. Tulipokuwa tunaingiza maneno, tulianza na ya jikoni kwa sababu saa ya kula ilikuwa imekaribia, kwa hiyo katika maelfu ya maneno yetu, mia ya kwanza ni vyombo na viungo. Maana yake kulikuwa na kitu kinachoandika namba ndogo, isiyozidi mia, juu ya neno alilochagua baba.

Hapo mashaka yangu yakahamia kwenye kiini cha mfumo, programu ya ndani kabisa inayoendesha nyingine zote, kwani kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu ya kifaa. Kila sehemu ya programu huomba nafasi, huitumia, huirudisha, na kiini huipa sehemu nyingine, kama mwenye nyumba ya kupanga. Inaelekea kuna mpangaji aliyekwisha kuhama na bado anaingia chumbani na kuacha vitu vyake. Lakini ni nani? Na ni nini kisichozidi mia? Nilipiga pasi huku nawaza alama za mtihani, nikaunguza blauzi.

Mwishowe niliweka mtego. Nilikibadilisha kiini ili kila nafasi inayorudishwa ibaki na alama ya aliyeitumia mwisho. Nikakipeleka kifaa nyumbani, nikakichomeka kwenye chaji pale pale mahali pake, karibu na kiti cha baba.

"Baba, sema chochote. Neno moja tu."

Akageukia dirishani.

Mama alikuwa anakunja nguo. "Mwache," alisema bila kuinua macho. "Hata siku ya harusi yetu hakusema la maana. Na mvua ile, nani angemsikia?"

Baba akageuka.

"Mvua kubwa," mama akaendelea. "Viatu vyangu vyote viliharibika."

Baba akainuka, akakinyakua kifaa hata waya ukaruka, akagusa kioo kama anayekigombeza. "Siku ile jua lilikuwa kali, bakuli wangu!"

Mama aliangua kicheko. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye pembe ya kioo, palipoandikwa chaji: sabini na moja. Nikaifungua orodha ya maneno. Bakuli ni neno la sabini na moja.

Chaji! Kwenye benchi hatuchomoi waya kamwe. Baba huunyofoa kila anapokuwa na haraka ya kusema. Waya ukitoka, sehemu inayosimamia chaji ilikuwa inairudisha nafasi yake kwa kiini bila kuiambia chipu ya betri iache kuandika. Chipu, isiyo na habari, ikaandika kipimo chake cha mwisho, na nafasi ile tayari ilikuwa imepewa neno la baba. Niliutazama mtego wangu: alama ilikuwa ya chaji.

"Baba, hukukosea kugusa hata mara moja," nilimwambia. "Ni sisi tuliokosea."

Akaketi, na mabega yake yakashuka. Kumbe siku zote zile alidhani akili ndiyo inayomtoka. Nilimwonea huruma, nikajikasirikia kwa kutomuuliza.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo: kwanza chipu iambiwe iache, ijibu kwamba imeacha, ndipo nafasi irudishwe. Nilikiacha kwenye chaji kidogo, nikampa baba ishara. Akaunyofoa waya kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akagusa maneno yale yale, taratibu.

"Siku ile jua lilikuwa kali, mke wangu."

"Najua," alisema mama, akilikunja shati lake. "Nilikuwepo. Haya, endelea."