Maji Aliyoyachuja Mwanne

Kila Jumatatu asubuhi Mwanne alikuwa na shughuli ambayo hakuna mwanamke mwingine pande zile za Kolo aliyekuwa nayo: kuchota maji ya lambo na kuyatuma chuo kikuu. Aliyajaza kwenye chupa tano za mdomo mpana, akamkabidhi kondakta wa basi la Dodoma, na kule chuoni Chimwaga yakapokewa na Jenifa, mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akifanya utafiti wa malambo. Kijijini wakaanza kumwita Profesa. Mwanne alilikemea jina hilo kwa mdomo tu. Moyoni lilimkaa vizuri kama kanga mpya.

Jenifa alimwonyesha kazi mara moja: aingie mpaka magotini, achote pembeni penye majani, afunike. "Na chupa zisichafuke, mama," alisisitiza. Anatafuta nini ndani ya maji hayo, hakusema. Msimamizi wake alikuwa amemwonya kwamba msaidizi akijua sana, ataanza kuchagua maji ya kuchota.

Basi Mwanne akachota. Lakini jamani, maji ya pembeni mwa lambo yanajulikana: matope, majani makavu, na vidudu vinavyorukaruka. Utampelekeaje mtoto wa watu maji ya namna hiyo, ayapokee mbele ya wasomi wenzake? Kwao Mwanne mgeni hapewi maji yasiyopita kwenye kitambaa. Kwa hiyo alikunja kitambaa cheupe mara nne, akachuja chupa zote tano, na kila Jumatatu akafanya hivyo hivyo. Hakumwambia mtu, na wala hakuwa anaficha. Nani anatangaza kwamba leo amefagia ua?

Baada ya wiki kumi Jenifa alikuja mwenyewe, uso umemshuka, akaenda moja kwa moja kwa Halfani, mwenyekiti wa kijiji. Alimwambia kwamba maji ya lambo yanaonekana yamekufa, na huenda kuna sumu inayoingia. Alisema huenda. Halfani hakuwa mtu wa huenda. Juu ya lambo palikuwa na bustani moja tu, ya nyanya, mali ya Masudi, na kabla ya magharibi kijiji kizima kilishajua kwamba Masudi anawalisha watu sumu.

Mwanne naye aliamini. Chuo kimesema, na maji yaliyosema ni yale aliyoyachota kwa mikono yake. Alipokutana na Masudi njiani aligeuza uso, yeye ambaye kila msimu alikula nyanya za jirani huyo bila kuziomba.

"Dada Mwanne, mimi natumia majivu na pilipili tu," Masudi alisema nyuma yake. "Wallahi."

Mwanne akaongeza mwendo.

Kesho yake kijiji kilikutana kwenye darasa la shule ya msingi kuamua kuhusu bustani. Jenifa, baada ya kuwaamkia wazee shikamoo zao, alipanga picha juu ya dawati la mbele: mtoto wa kereng'ende, konokono mdogo, mdudu mwenye miguu mirefu kama makasia.

"Lambo lenye afya huwa na viumbe hawa," alisema. "Ndio niliokuwa nawatafuta. Chupa hamsini, sijapata hata mmoja."

Mwanne alizitazama zile picha. Aliwajua wote. Yule wa makasia alikuwa msumbufu kuliko wenzake, aking'ang'ania kitambaa mpaka umkung'ute.

Angeweza kunyamaza, na tusimwonee, alijaribu. Alitazama sakafu. Alifikiria jina lake la Profesa na vicheko vya kisimani. Halfani akauliza kama Masudi ana la kusema kabla bustani haijang'olewa.

"Nimeshaing'oa," Masudi alisema. "Alfajiri. Sikutaka mje watu wengi kuing'oa."

Mwanne akasimama. "Ni mimi," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Maji yana wadudu tele. Nilikuwa nayachuja."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, wakamfuata wengine. Jenifa hakucheka. Aliketi, akaziba uso kwa viganja. Wiki kumi za kazi yake zilikuwa zimepita kwenye kitambaa.

"Uliwatupa wapi, mama?" aliuliza hatimaye.

"Sikuwatupa, mwanangu. Niliwarudisha lamboni. Walinikosea nini?"

"Kosa ni langu," Jenifa alisema taratibu. "Nilikupa chupa, sikukupa sababu. Jumatatu tunaanza upya, na safari hii nitakueleza kila kitu."

Mwenyekiti alisema bustani haina hatia, kama vile kusema hivyo kungerudisha mizizi ardhini. Watu wakatawanyika wakicheka.

Mwanne alikwenda bustanini peke yake. Miche ilikuwa imelala chini, majani yamenyauka kwa jua la mchana, nyanya bado zimeshika mashina. Masudi alikuwa amechuchumaa akizichuma zilizokomaa, labda zingeiva ndani ya nyasi. Mwanne akachuchumaa mstari wa pili, akaanza kuchuma na yeye.

"Nisamehe, Masudi. Hata salamu nilikunyima."

Masudi aliendelea na kazi, akafika mwisho wa mstari wake ndipo akasema.

"Unajua kilichoniuma? Si nyanya. Jana nilikaa nikatafuta sana: labda majivu, labda ule udongo nilioletewa, labda kitu gani sijui." Alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Wakati naing'oa, dada, nilikuwa nimeshaamini kwamba ni mimi."

Mwanne akalia, mikono imejaa nyanya mbichi.